Injini ya tabo inakauka mafuta kwa rpm za juu: tafuta chanzo kabla hujanunua injekta

Hii ni ya wale wanaojenga injini ya nguvu, uko na 1JZ kwenye Chaser ama Mark II, ama EJ20 ya Subaru, ama 4G63 ya Evo, umeshaweka tabo kubwa, intakula (kipoza hewa ya tabo), egzosti ya inchi 3, na sasa gari inavuta vizuri mpaka kama rpm 5500 alafu inaanza kulegea, AFR (uwiano wa hewa kwa mafuta, ukipanda mafuta yamepungua, ndo kukauka) inapanda kutoka 11.5 mpaka 13 na busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) bado iko juu. Ama fundi wa kutyuni amesimamisha kazi kwa daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) akakwambia mafuta hayatoshi, rudi ukajipange.

Watu wengi wakisikia hivo wanaenda kununua injekta (vinyunyizio vya mafuta) kubwa. Mara nyingi sana shida sio injekta, ni presha inaanguka, na presha ikianguka chanzo kiko huko nyuma kwa pampu, kwa waya za pampu, kwa filta. Injekta kubwa kwenye presha inayoanguka zinakuficha shida kwa muda tu, alafu siku moja umeshika gia ya 4 na busti imejaa mafuta yanaisha ghafla na pistoni inayeyuka. Nimeona pistoni za hivo, ukingo wa juu umeliwa kama umekatwa na gesi ya kuchomelea, na mwenye gari alikuwa ametumia pesa nyingi sana kwa kila kitu isipokuwa waya ya pampu.

Hesabu kwanza, manake bila hii huwezi jua kama kitu chako ni kidogo ama ni kizima ila kinazuiwa

Tuchukue lengo la hosipawa 500 kwenye krenki, petroli ya kawaida, injini ya tabo. Injini ya tabo inakula karibu gramu 272 za petroli kwa kila hosipawa moja kwa saa (ile 0.6 ya pauni mnayoiona kwenye kalkuleta za watu wa Marekani). Kwa hiyo 500 mara 0.272 ni kilo 136 kwa saa. Petroli lita moja ni kama kilo 0.74, basi ni lita 184 kwa saa. Hio ndo namba ya kushika kichwani, lita 184 kwa saa, sawa na kama lita 3.1 kwa dakika.

Sasa injekta. Lita 184 kwa saa ni kama cc 3065 kwa dakika. Ukigawa kwa silinda 6 unapata cc 511 kila moja, lakini hutaki injekta ikae wazi muda wote, unataka ifanye kazi asilimia 80 ya muda (hii ndo inaitwa dyuti), so 511 gawa kwa 0.8 ni karibu cc 640. Nunua 700 ama 750 ulale usingizi. Kwa silinda 4, yaani Subaru na Evo, hesabu ileile inakupeleka kwa cc 960, so 1000. Injekta za kiwanda za 1JZ ni cc 380, ukipiga hesabu kurudi nyuma kwa dyuti ya asilimia 85 zinaishia kama hosipawa 315 na kitu, kwa hiyo yule anayesema ametoa 450 kwa injekta za kiwanda kwa petroli, muulize presha yake iko ngapi na AFR yake iko wapi.

Pampu ndo watu wanakosea zaidi. Box imeandikwa 255 (lita kwa saa) unafikiri lita 184 ni mchezo. Lakini ile 255 imepimwa kwenye presha ya karibu bar 3, na umeme wa volti 13.5. Gari yako ikiwa na presha ya msingi ya bar 3 na busti ya bar 1.5, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) inaongeza moja kwa moja, kila bar ya busti ni bar ya mafuta, so reli (bomba linalogawia injekta mafuta) inahitaji bar 4.5, na pampu yenyewe inasukuma zaidi ya hapo kidogo manake kuna filta na laini njiani. Kwenye bar karibu 5 ile 255 haitoi 255 tena, imeshuka sana, na ukijumlisha na volti zilizopungua unajikuta uko pale pale kwa 184 ama chini yake. Angalia jedwali la pampu kwa presha yako na kwa volti zako, namba ya kwenye box achana nayo.

Gari inakauka juu, AFR inapanda polepole kadri rpm zinavyopanda

Hapa ndo pa kutumia muda. Weka sensa ya presha kwenye reli, ya umeme, inayoingia kwenye ECU (kompyuta ya injini) ama kwenye geji, usiwahi kuingiza laini yenye petroli ndani ya kabini eti uone geji ya mshale, ikipasuka uko ndani na moto. Piga pulo moja (kuvuta gari gesi kamili mpaka rpm za juu) na log (rekodi ya sensa). Chukua presha ya reli toa presha ya busti, jibu linatakiwa kubaki lilelile kuanzia chini mpaka juu, kama msingi ni bar 3 basi iwe bar 3 mpaka mwisho. Ikianza 3 ikaisha 2.4, pampu ama kitu kinachoizunguka kimeshindwa, na injekta hazina makosa yoyote.

Presha ikianguka usinunue pampu bado. Shika multimita uende nyuma kwa tanki, pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe injini ikiwa inafanya kazi, alafu pima kwa betri. Betri 13.9 na pampu 11.8? Umeshapata mwizi wako, manake kati ya 13.5 na 11.5 pampu inaweza kupoteza hata robo ya mafuta yake. Waya za kiwanda ni nyembamba na zina miaka 25, plagi zake zimeungua ndani, na tena Toyota nyingi za tabo za miaka ile zina rezista ama kidhibiti kinachoshusha volti za pampu gari ikiwa aidoli (injini inazunguka bila kukanyagwa gesi), Subaru nazo nyingi zina moduli yake ya kudhibiti pampu, hizo vitu zikizeeka ama zikipewa pampu inayovuta umeme mwingi zinachemka tu. Dawa ni rilei mpya, waya nene kutoka betri moja kwa moja (milimita mraba 4 mpaka 6, inategemea pampu), fyuzi karibu na betri, ardhi nzuri iliyopigwa msasa mpaka chuma, na ile waya ya zamani ya pampu itumike kuwasha rilei tu. Usiunganishe rilei kwa swichi ya funguo moja kwa moja, manake ukipata ajali injini ikazima, pampu inatakiwa kuzima pia, na ECU ndo inajua hilo.

Volti zikiwa sawa angalia filta. Filta ya petroli yenye kilomita zisizojulikana kwenye gari iliyotoka Japani ni lazima ibadilishwe kabla ya kazi yoyote, na ile soksi ya pampu ndani ya tanki pia, unaweza ikuta imekuwa nyeusi na imejikunja. Wakati uko huko angalia kile kipande cha mpira kinachounganisha pampu na kifuniko cha tanki, watu wanaweka mpira wa kawaida ambao haujatengenezwa kukaa ndani ya petroli, unalainika unapasuka na nusu ya mafuta yanarudi kwa tanki bila kufika mbele, na kwa nje huoni kitu. Mpira wa kukaa ndani ya tanki ni wake maalum na bei yake ni ya juu, lipa tu.

Bado inaanguka? Sasa pima pampu kwa ujazo. Kipimo hiki ni cha nje kwenye hewa, injini baridi, kizima moto cha unga karibu, hakuna sigara hakuna kuchomelea jirani. Toa laini ya kurudisha mafuta uielekeze kwa jerikeni yenye alama za lita. Kwenye regyuleta, pale panapoingia hosi ya vakyumu, weka pampu ya mkono yenye geji upandishe bar 1.5 za hewa, hio inaidanganya regyuleta kwamba iko kwenye busti, na geji ya reli inatakiwa kusoma 4.5 (isiposoma hivo regyuleta yenyewe ndo mgonjwa). Washa pampu bila injini, kwa Toyota nyingi za zamani unaunganisha FP na +B kwenye boksi la dayagnosi, betri iwe na chaja ili volti zikae karibu 13.5. Pima dakika moja. Injini haiwaki, injekta zimefungwa, so kila kinachotoka kwenye return ndo uwezo wa kweli wa pampu yako na laini zako kwa presha ya kweli. Kwa hosipawa 500 unataka lita 3.1 na akiba ya asilimia 20, yaani kama lita 3.7. Ukipata 2.8 hapo hakuna mjadala, pampu kubwa zaidi. Kipimo hiki kinakamata pia pampu feki, na ziko tele, box safi stika safi ndani ni kitu kingine, so ukinunua Kirinyaga Road ama Kariakoo ama ukiagiza mtandaoni, pima kabla hujaifungia ndani ya tanki.

Presha imekaa imara lakini bado inakauka

Sasa ndo injekta. Angalia dyuti kwenye log. Kwa rpm 7000 mzunguko mzima wa silinda ni kama milisekunde 17.1, kwa hiyo log ikionyesha injekta inafunguka milisekunde 15.5 uko asilimia 90, hakuna kitu kimebaki hapo. Juu ya 85 mpaka 90 injekta inaanza kutotabirika, haipati muda wa kufunga vizuri. Unaweza kupandisha presha ya msingi kutoka bar 3 kwenda 4, inaongeza mafuta kama asilimia 15 (ni mzizi wa 4 gawa kwa 3, sio theluthi nzima kama watu wanavyofikiri), lakini kumbuka umemuongezea pampu mzigo tena, so rudia kile kipimo cha jerikeni kwa presha mpya. Kwa ushauri wangu hii ni ya kumalizia asilimia kidogo tu, ukihitaji zaidi nunua injekta.

Kabla ya kulipa lakini, hakikisha kweli inakauka. Waidibendi (sensa ya egzosti inayotoa AFR) inasoma oksijeni, haisomi petroli. Silinda ikikosa cheche petroli na hewa vyote vinatoka bila kuungua, sensa inaona oksijeni nyingi inasema mafuta kidogo. Ukiona AFR inaruka ghafla, 11.5 alafu 15 alafu 11.5, na gari inadunda, presha iko sawa na dyuti iko 70, hio ni plagi ama koili. Punguza nafasi ya plagi mpaka kama milimita 0.6 ama 0.7 ujaribu tena. Uvujaji wa egzosti kabla ya sensa nao unadanganya vilevile. Na kama gari inakatika ghafla kama mtu amezima swichi, tena palepale kwenye busti fulani kila mara, ukiwa bado na ECU ya kiwanda hio ni ulinzi wa ECU unakata mafuta makusudi, mfumo wa mafuta hauhusiki.

Ilikuwa poa Nairobi, imefika Mombasa inakauka

Hii inawashangaza watu wengi na sababu yake ni fizikia tupu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa pale ni kama bar 0.82. Mombasa ni 1.01. Kontrola ya busti ya kawaida inapima juu ya hewa ya nje, so bar 1.5 ya Nairobi ni 2.32 kamili ndani ya manifoldi, na bar 1.5 ya Mombasa ni 2.51. Hewa imeongezeka kama asilimia 8, na petroli lazima iongezeke vilevile. Joto la pwani linapunguza kidogo, hewa ya moto ni nyepesi, lakini halifuti tofauti yote. Kama Nairobi ulikuwa dyuti 88 ukaridhika, Mombasa unaenda kugonga 95 na zaidi, na pampu iliyokuwa ukingoni inavuka ukingo. Na petroli yenyewe kwenye tanki ina joto zaidi, na tabo haihangaiki tena kutafuta hewa so busti inakuja mapema. So ukijenga gari Nairobi, Nakuru, Eldoret, ama Arusha kwa upande wa Tanzania, na unajua siku moja itashuka pwani, piga hesabu zako zote kwa usawa wa bahari. Injekta na pampu zichaguliwe kwa Mombasa na Dar hata kama gari inalala Limuru, na fundi aiache na nafasi, dyuti isizidi kama 78 huku juu.

Umeweka pampu kubwa sasa presha iko juu hata aidoli

Umetoka pampu ya kiwanda ukaweka ya 450, unatoa hosi ya vakyumu kwenye regyuleta unataka kuset bar 3, unafungua skrubu mpaka mwisho na geji imekwama 3.8. Pampu inaleta mafuta mengi kuliko yanavyoweza kurudi. Laini ya return ya kiwanda ni nyembamba, ama tundu la regyuleta ni dogo. Matokeo yake gari inakula mafuta chini, inanuka, plagi nyeusi, fundi anajaribu kurekebisha kwa mapu (mipangilio ya ECU) na haipatikani. Panua return, regyuleta ya aftamaketi yenye tundu kubwa, na kwa nguvu hizi laini ya -6 (inchi 3/8, karibu milimita 9.5) inatosha kwenda na kurudi. Kuanzia kama hosipawa 700 na kuendelea fikiria -8 ya kwenda na -6 ya kurudi.

Na usinunue pampu kubwa kupita haja. Petroli isiyotumika inazunguka mbele kwenye joto la injini inarudi kwa tanki ikiwa ya moto, foleni ya Thika Road jioni inatosha kabisa kuichemsha, pampu inaanza kulia sauti ya juu, na ukizima gari dakika kumi inakataa kuwaka vizuri. Ukisikia pampu inalia zaidi tanki likiwa chini na mafuta yakiwa moto, ni mvuke unaingia, sio lazima pampu iwe imekufa.

Aidoli mbovu baada ya injekta kubwa

Hapa haraka tu. Injekta ya 1000 kwenye aidoli inafunguka muda mfupi sana, na kila injekta ina muda wake wa kuchelewa kufunguka, unaobadilika na volti. Usipoweka jedwali hilo sahihi kwenye ECU gari itakuwa nzuri mchana, ukiwasha taa na feni volti zinashuka aidoli inayumba. Nunua injekta zinazokuja na data yake, na zilizopimwa zikalingana. Injekta za bei chee bila data ndo zinaleta ile shida ya silinda moja kukauka peke yake huku waidibendi inaonyesha wastani mzuri, manake inasoma silinda zote kwa pamoja. Toa plagi zote baada ya pulo uzipange kwa mfuatano, moja ikiwa nyeupe kuliko wenzake, hamisha injekta yake kwenye silinda nyingine uone kama weupe unahama nayo. Angalia pia oumu, 2 mpaka 3 ni injekta za upinzani mdogo zinazohitaji rezista ama draiva (saketi inayoendesha injekta) yake, 12 mpaka 16 zinaingia moja kwa moja, ukichanganya unaunguza draiva za ECU.

Inakata kwenye kona, tanki likiwa robo

Mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa. Kwenye log utaona presha inaanguka kwa sekunde moja mbili alafu inarudi, na inatokea kona ndefu ama ukiondoka kwa nguvu, haitokei barabara iliyonyooka kwa mwendo wa kawaida. Wengine wanajaza tanki kila mara, na kwa gari ya mtaani hio ni dawa halali kabisa. Kwa gari ya mashindano weka sajitanki (tanki dogo la akiba) ya lita 2 ama 3, pampu ya kiwanda inaijaza, pampu kubwa inanyonya kutoka humo. Iwe nje ya kabini ama imetengwa na ukuta wa chuma, na hosi ziwe za PTFE ama za presha ya injekshen, sio mpira wa kabureta na klipu ya skrubu, manake bar 4.5 zikipata tundu hapo zinakuwa dawa ya kunyunyiza juu ya egzosti.

Ukichanganya ethanoli

E85 (mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85) hatuna kwenye vituo vya huku, lakini watu wanachanganya wenyewe. Ujue mafuta yanaongezeka kama asilimia 30 mpaka 40, so ile 184 inakwenda 250 na kitu kwa saa, injekta za 640 zinakuwa karibu 900, na kila kitu ulichopima juu kinapimwa upya. Filta iwe ya wavu wa chuma, karatasi haifai. Ethanoli inavuta maji hewani, usinunue ya jerikeni iliyofunguliwa muda mrefu, na weka sensa ya kiwango cha ethanoli, manake mchanganyiko wa kukisia kwa jicho unabadilika kila ukijaza na mapu haijui. Na inasafisha uchafu wote wa zamani kwenye tanki inaupeleka mbele, so badilisha filta tena baada ya matanki mawili ya kwanza hata kama ilikuwa mpya.